Maandalizi ya Bonanza la Familia Mtaani Kwetu

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao cha jana kilikubaliana kwamba bonanza litaanza Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye uwanja ulio nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, na kwamba safari hii hotuba zote, pamoja na ya mgeni rasmi, hazitazidi nusu saa, kwa sababu mwaka jana watoto walisinzia kabla hata ya mchezo wa kuvuta kamba.

Jambo ninaloliomba lipewe uzito ni kura ya watoto. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini tulipochagua viongozi wa mitaa tarehe 27 Novemba 2024, wenye umri chini ya miaka 18 hawakuwa na la kufanya ila kututazama. Kwa hiyo watapewa karatasi na sanduku, wachague kati ya bembea na miti ya kivuli, kisha kura zihesabiwe mbele ya watu wote. Watakachochagua ndicho kitakachonunuliwa kwa michango yetu, ingawa mimi binafsi natamani kivuli.

Tafadhali asije mtu na sare ya chama chochote. Wenye turubai, viti na masufuria makubwa ya pilau wanijulishe kabla ya Alhamisi jioni.