Taa za mulika mwizi zinatunyima vimondo

Kwa Mhariri,

Mimi ni bawabu wa usiku katika jengo la ghorofa 6 hapa Umoja. Kila mwaka, usiku wa Desemba 13 kuamkia 14, mwenzangu hushika lango nami nikapanda juu ya paa, pale penye matangi ya maji na kamba za nguo, nikalala chali kwenye gunia kutazama vimondo. Havihitaji darubini. Weka simu mfukoni dakika 20, macho yazoee giza, basi.

Marehemu nyanya yangu kule Lamu alisema ni malaika wanampiga shetani. Wataalamu wanasema ni vumbi la Phaethon, jiwe la angani lililogunduliwa 1983, linaloungua likigonga hewa yetu kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde. Nyanya hangebishana nao, angecheka tu.

Zamani kati ya saa saba na saa tisa nilikuwa nahesabu 40 na zaidi. Tangu mlingoti wa mulika mwizi usimamishwe hapa karibu, mara ya mwisho niliona 9. Sisemi uzimwe; mimi ni mlinzi, najua faida yake. Lakini taa zile humulika hadi mawingu, na mwizi hapiti huko. Zivishwe kofia, zielekee chini.

Nanyi wahariri, mbona hamtangazi tarehe hizi mapema? Vimondo vya Mei, vya nyota-mkia ya Halley, mara nyingi hufunikwa na mawingu ya masika. Tegemeo letu ni Desemba.

Bawabu wa usiku,
Umoja, Nairobi