Matembezi ya hekaluni na mjini yasigeuzwe mbio

Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili limenikaa rohoni tangu wikiendi. Siku hizi vikundi vya matembezi vimekuwa vingi, kuna vya kwenda kuona hekalu la Wabudha, kuna vya kuzunguka mjini kuangalia miti na ndege, na mimi kila likitoka tangazo najiandikisha, kwa hiyo msinione mpinzani. Ila jamani, mbona tunakimbizwa?

Jumamosi hekalu tulipangiwa dakika 20. Ishirini! Kuvua viatu peke yake kulikula kama dakika nane, wengine ndo wanajua pale mlangoni kwamba mabega na magoti yanatakiwa yafunikwe, wakaanza kuazimana mitandio. Ndani kila mtu simu juu, kijana mmoja akaipa mgongo sanamu ya Buddha apige selfi, mtawa akamsogea akamwambia kwa upole ageuke, kijana akanuna eti kaonewa. Hajaonewa, Sri Lanka mwaka 2012 watalii kutoka Ufaransa walifikishwa mpaka mahakamani kwa picha za kubusu sanamu. Sasa si mambo kama hayo yangeandikwa kwenye tangazo mapema, pamoja na kwamba ukikaa chini usiinyooshee sanamu miguu? Halafu saa yenyewe. Watawa wa Theravada, moja ya matawi makubwa ya Ubudha, ikishapita saa sita mchana hawali tena mpaka kesho yake, sisi tukawavamia saa tano na nusu, yaani ndo wanataka kukaa kwenye mlo wao wa mwisho.

Kilichoniuma zaidi ni mti. Uani kuna mti mkubwa umezungushiwa kiukuta kifupi, hakuna aliyeutazama, mimi nikaokota jani lake, lina umbo la moyo halafu ncha imevutika ndefu kama mkia wa panya. Huo ni mbodhi, ukoo wa mitini, aina ileile ambayo Wabudha wanasema Buddha alikaa chini yake Bodh Gaya kule India mpaka akapata mwanga. Tawi la mti ule lilipelekwa Anuradhapura, Sri Lanka, likapandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, na mti upo hadi leo, watu wanaenda kuuzunguka. Nikamwita kiongozi aje aone, akanijibu "mama twende, basi linasubiri."

Jumapili ikawa zamu ya matembezi ya mjini, lengo hatua 10,000, kila mtu na saa yake mkononi inapiga hesabu. Hiyo elfu kumi nayo ina kisa chake, mwaka 1965 Japani ilitoka mashine ya kuhesabu hatua ikaitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi, jina la kuuzia bidhaa tu, ndo sisi tunalikimbilia kama amri. Tukapita ukuta wa zamani una ufa, kwenye ufa kumeota mtini mchanga, mizizi imeteremka ukutani kama nta ya mshumaa. Ndege au popo alikula tunda mahali akaja kuiachia mbegu pale juu. Ndugu kabisa wa ule wa hekaluni, na watu arobaini wameupita bila kugeuza shingo!

Niliuona kwa sababu nilibaki nyuma na mzee mmoja anayetembelea fimbo, kundi lilishamtelekeza. Huyo mzee alinionyesha yale madoa ya kijivu-kijani yanayoganda kwenye magome, kumbe ni viumbe hai, wataalamu wanayaita lichen, akasema mengi hayapendi hewa chafu, hebu linganisha. Tukalinganisha kweli, mti wa kando ya barabara kubwa gome tupu, mti wa ndani ya bustani gome limejaa mpaka linaonekana kama limepakwa chokaa. Nikagusa, yamekauka kama karatasi. Sisi wawili sijui kama tulifikisha hata hatua elfu mbili.

Na kichekesho ni kwamba Wabudha kwao kutembea kwenyewe ni ibada. Wanaenda kisigino, wayo, vidole, taratibu, wakifika mwisho wa njia wanageuka wanarudi, hakuna wanakowahi. Kwa hiyo hekalu na miti wala si safari mbili tofauti kama mnavyotupangia, ingeweza kuwa asubuhi moja, kundi la watu kumi, saa mbili nzima hekaluni kabla watawa hawajala, halafu kilomita moja tu kwa mguu bila mtu kuangalia saa. Nauli ileile tutalipa, hatutadai chenji.

Yule mzee kaniuliza safari ijayo lini, nimemwambia asubiri kwanza barua itoke.

Ni mimi msomaji wako,
Wa Nyuma ya Kundi