Hati ya hisa za baba: imeungua, au iko kwa ami?

Kwa mshauri wa sheria,

Mimi ni kifungua mimba wa familia yetu hapa Mombasa, na ndimi niliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi ya marehemu baba.

Baba alinunua hisa miaka ya 1990, serikali ilipokuwa ikiwauzia wananchi sehemu ya mashirika yake. Enzi hizo mwanahisa alipewa karatasi mkononi. Akaunti za CDS, yaani za kuweka hisa kielektroniki badala ya karatasi, zilianza 2004, naye hakuziingiza hisa zake humo. Alipenda kuishika hati yenyewe, yenye jina lake na muhuri wa kampuni.

Mwaka jana hitilafu ya umeme iliteketeza chumba chake. Sanduku la bati lilibaki, lakini karatasi zilizokuwamo ziligandana zikawa nyeusi tititi, ukizigusa zinamomonyoka. Kilichosalimika ni kijikaratasi cha gawio, yaani faida anayolipwa mwanahisa, alichokiweka ndani ya msahafu sebuleni, chenye nambari ya mwanahisa na idadi ya hisa: 1,200. Msajili wa hisa aliangalia daftari lake akathibitisha kuwa bado ziko kwa jina la baba.

Ili nipewe hati mpya, nimeambiwa nipeleke ripoti ya polisi, nilipie tangazo gazetini, nitie saini ahadi ya kuifidia kampuni, yenye udhamini wa benki au bima, kisha niape mbele ya wakili. Hayo mengine nayamudu. Kiapo ndicho kinachoninyima usingizi, kwa kuwa kinasema hati imeungua, na kwamba haikuuzwa, haikuwekwa rehani wala haikukabidhiwa mtu yeyote.

Ami yangu aliposikia habari hizi alikuja akasema kwamba mwaka 2007 alimkopesha baba Sh80,000 za karo ya mdogo wangu, na baba akamwachia hati hiyo iwe rehani. Nikimwomba anionyeshe, anataka nilipe kwanza. Hakuna maandishi wala shahidi. Mama hajui deni lolote, na baba hakuwa mtu wa kumficha mambo ya fedha. Lakini ami naye ni mtu wa swala tano, sijapata kumsikia akisema uongo, na deni la marehemu kwetu hulipwa kabla warithi hawajagawana hata shilingi.

Ndugu zangu wananihimiza nitie saini tu. Siwezi. Sikuiona hati ikiungua, na kuapa uongo ni kosa la jinai, mbali na dhambi yake.

Naomba unijuze: yafaa niyaeleze madai ya ami ndani ya kiapo kama yalivyo? Naweza kumtaka msajili azuie hisa zisihamishwe hadi tuelewane? Nikipewa hati mpya, kisha ami akaitoa ile ya zamani, fidia nitadaiwa mimi au mirathi? Na gawio la miaka ya nyuma, ambalo msajili anasema limeshapelekwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza fedha zisizodaiwa na wenyewe, nilidai sasa au nisubiri hati kwanza?

Wako,
Binti msimamizi, Mombasa