Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Habari za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo sitawachosha nazo. Kazi kubwa ya chama mwaka huu ilikuwa filamu fupi ya karani wa shamba la mkonge, Pangani, mwaka 1951, wakati Vita vya Korea vimepandisha bei ya mkonge. Wengi mmeuliza kwa nini tuliipiga namna ile.

Bajeti ilitubana. Tungeweza kukodi kamera kubwa, au kutumia kamera za wanachama na fedha iende kwenye mavazi, usafiri na chakula. Kamati ilichagua la pili, nami naliunga mkono hadi leo. Mtazamaji akishaona tangi la plastiki juu ya paa la mwaka 1951, ubora wa kamera haumsaidii kitu.

Nyaya za umeme, madishi na bodaboda hatukuwa na uwezo wa kuzifuta kwenye kompyuta, hivyo tuliziacha nje ya fremu tangu mwanzo. Ndiyo maana filamu ina uwiano wa 4 kwa 3, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu. Wakati ule sinema bado zilionyeshwa kwenye fremu iliyokaribia mraba. Skrini pana zilishika kasi kuanzia 1953. Kamera tuliiweka usawa wa macho ya mtu aliyekaa barazani, maana ukiielekeza juu unakutana na nyaya, na ukiipandisha ghorofani unakutana na mabati mapya. Shoti pana ni za mto tu, tukitazama minazi ya ng'ambo ya Bweni, na hapo ilibidi kusubiri pantoni lipite.

Lenzi tuliyoitegemea ni Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa Urusi ya Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zenit. Ikifunguliwa hadi f/2, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi kabisa, ukuta wa saruji nyuma ya mwigizaji unafifia hata usijue ni wa lini. Ubaya wake, mwigizaji akiinama kidogo tu macho yanatoka kwenye fokasi, yaani hayaonekani tena kwa ukali. Vijana walioshika fokasi wamefanya kazi ya kiume na ya kike, na wanastahili pongezi kuliko mimi.

Sini za usiku ndizo ninazojivunia. Mwali wa chemli una joto la rangi la takriban Kelvini 2,000 (Kelvini zikipungua, mwanga unazidi wekundu), na peke yake hautoshi kuangaza uso. Tulificha balbu ndogo ya betri nyuma ya chemli, upande usioonekana, tukaifunika jelatini, ile karatasi angavu ya kubadilisha rangi ya taa, ya rangi ya chungwa na kuipunguza nguvu. Kamera ikawekwa Kelvini 3,200 ili mwali ubaki na wekundu wake. Upande wa pili wa uso tulitundika kaniki, ile ile ya sokoni, inywe mwanga uliokuwa ukirudi kutoka kwenye ukuta wa chokaa. Bila kaniki chumba kizima kiling'aa kama duka la simu.

Kuhusu rangi tulibishana sana. Wapo waliotaka nyeusi na nyeupe, wakitaja filamu za milimita 16 zilizopigwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937. Hoja yao ina uzito, kwani nyeusi na nyeupe inaficha mengi kwa gharama ndogo. Wapo pia waliotaka kahawia ya picha kuukuu, na hao niliwapinga waziwazi: karani wetu aliliona jua lile lile tunaloliona sisi. Tulibaki na rangi, tukapunguza kijani na buluu wakati wa uhariri.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza filamu nyingine fupi, yote ndani ya ua mmoja. Mwenye nyumba ya zamani isiyobadilishwa madirisha amwone katibu. Na walioazima jelatini na stendi za taa wazirudishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwenyekiti