Nahodha mkongwe ashauriwe kabla ya kuhamishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala unaotushughulisha sisi wapenzi wa hoki hapa Malindi, barazani baada ya sala ya Isha, kuhusu iwapo ni haki klabu kumtoa nahodha wake mkongwe ili ipate wachezaji wa timu nyingine. Wenzangu wengi wanauita usaliti. Mimi sikubaliani nao.

Nawakumbusha Ray Bourque, aliyeichezea Boston Bruins hoki ya barafuni tangu 1979 na kuwa nahodha wake kwa miaka mingi bila kutwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa ligi kuu ya hoki hiyo huko Marekani na Kanada, hadi Machi 2000 alipoomba mwenyewe ahamishwe, akapelekwa Colorado Avalanche. Walipolitwaa mwaka 2001, nahodha Joe Sakic, ambaye kwa desturi ndiye angelinyanyua kwanza, alimkabidhi Bourque heshima hiyo. Siku chache baadaye Bourque alilipeleka Boston, na maelfu ya mashabiki wa klabu aliyoiacha wakajitokeza kumshangilia. Je, hao walijiona wamesalitiwa?

Ninalolipinga kwa dhati ni klabu kumhamisha mzee wa timu bila kumshauri, naye akazipata habari redioni kama sisi wengine.

Msomaji wako,
Malindi