Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliojifunza Kurudi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Namba za mahudhurio na za fedha mtazisikia kwa katibu na mweka hazina, wao ndo wamekesha nazo na mimi sitaki kuwaingilia kazi yao. Mimi nimebaki na jambo moja ambalo limenikaa moyoni mwaka mzima, nalo ni hili: kwenda kwa watu tunajua sana, kurudi ndo hatujui.

Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka wa masomo tulivoenda kile kituo cha watoto, tisheti mpya, spika, kwaya, watu wanapiga picha mpaka simu zinaisha chaji. Wakati wa kuaga mama mlezi akaleta kitabu cha wageni tusaini. Nikiwa naandika nikafunua kurasa za nyuma, sijui hata kwa nini, nikakuta jina la huduma yetu. Nikafunua tena nikalikuta tena. Miaka mitatu mfululizo, mwezi ule ule, mwandiko tofauti kila mwaka maana mwenyekiti ni mwingine, ila kwenye safu ya maoni maneno ni yale yale, "Tumebarikiwa, tutarudi." Na mimi kalamu yangu ilishaandika "Tumebarikiwa, tuta". Mama mlezi alikuwa kasimama pembeni, hakusema kitu, ananisubiri tu nimalize.

Nililia kwenye gari wapendwa, na waliokaa karibu na mimi wanajua.

Sasa tusijidanganye kwamba waliotutangulia walikuwa waongo. Walimaanisha walichoandika. Tatizo ni jinsi huduma ya chuo ilivo, viongozi wanachaguliwa, wanajifunza kazi nusu mwaka, testi zinaingia, alafu mitihani, alafu likizo, alafu wanahitimu na kila kitu wanaondoka nacho kichwani na kwenye simu zao, namba ya mama mlezi, majina ya watoto, nani anasoma vizuri na nani hajui herufi. Anayekuja anaanza moja, na kitu rahisi kuanza nacho ni ziara ya siku moja yenye tisheti. Yani mfumo wenyewe unazalisha kuaga.

Kwa hiyo kamati tukakaa tukafanya uamuzi ambao najua uliwaudhi wengi, tukafuta miradi mitatu tukabaki na miwili tu, kusoma na watoto kila Jumamosi na kutembelea gereza. Waliokuwa wanaongoza ile mitatu walikuwa na moyo wa kweli na waliumia, mmoja hajarudi kwenye kamati mpaka leo, na bado namuombea na bado naamini uamuzi ulikuwa sahihi. Bora sehemu mbili ambazo wanatujua kwa majina kuliko tano ambazo wanatujua kwa rangi ya tisheti.

Kwa watoto tulipanga hivi, kila mtoto ana watu wawili, mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja anayekaribia kumaliza, ili wa pili akihitimu mtoto asibaki hana mtu. Tuliweka pia masharti ambayo hayana mjadala: hakuna mwanachama kukaa peke yake na mtoto mahali ambapo hawaonekani, hakuna kupost sura ya mtoto, hakuna zawadi ya siri, hakuna kupeana namba kimya kimya. Kuna waliosema hii ni kutoaminiana kati ya wapendwa. Hapana. Mtoto asiye na mzazi wa kumsemea ndo anahitaji ulinzi kuliko yeyote, na jina la Yesu lisitumike kufungua mlango ambao ungetakiwa uwe na mlinzi.

Tulikosa Jumamosi mbili, zote wakati wa mitihani, na ya kwanza hatukutoa taarifa. Nilivoenda wiki iliyofuata nikaambiwa kuna mtoto alikaa getini na daftari lake mpaka mchana. Baada ya hapo tukawapelekea ratiba ya mwaka mzima, tarehe ambazo hatutakuwepo tumezipigia mstari mwekundu na tumezisema kwa midomo yetu mbele ya watoto. Ya pili hakuna aliyekaa getini.

Gerezani. Kabla hatujaanza tuliwasomesha wanaojitolea historia kidogo, na nataka na nyinyi muisikie maana inatuhusu. Mwaka 1730 pale chuo cha Oxford, Uingereza, kulikuwa na kikundi kidogo cha kina John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, na mdogo wake Charles, wanafunzi wenzao walikuwa wanawacheka na kuwaita "Klabu Takatifu". Mwenzao mmoja, William Morgan, alikuwa ameenda gereza la Castle kumuona mtu aliyehukumiwa kifo, akaongea pia na mfungwa wa madeni, akarudi akawaambia wenzake kwamba mtu akijisumbua kwenda kuongea na hawa watu itasaidia sana. Tarehe 24 Agosti wale ndugu wawili wakafuatana naye. Na kitu kilichonishika ni walichokubaliana baada ya pale, kwamba watakuwa wanaenda mara moja au mbili kwa wiki. Kila wiki! Walikuwa watu wa chuo kama sisi, na uamsho mkubwa aliokuja kuuongoza Wesley ulikuwa bado miaka kadhaa mbele.

Sisi hatukufika kila wiki, tunaenda mara mbili kwa mwezi, na ruhusa yenyewe tuliipata baada ya barua nyingi. Tulienda tukidhani kazi ni kuhubiri na kuimba. Tunahubiri na tunaimba, lakini kitu walichotuomba wao ni kuandikiwa barua. Kuna mzee mmoja alimpata kijana wetu wa uhandisi, mwaka wa pili, mwandiko wake mbovu lakini mvumilivu. Mzee akasema anachotaka kumwambia mama yake, kijana akaandika, mzee akaomba asomewe. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema, "Hapo pa niko salama, patoe. Mama akija ataniona." Kijana akakata mstari akaandika upya ukurasa mzima ili usionekane umekatwa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili nikayaona yote haya na nilijua kwamba sijawahi kumsikiliza mtu namna hiyo hata ndani ya feloshipu.

Kupitia barua hizo ndo tukagundua wapo mahabusu ambao ndugu zao hawajui hata wako wapi, wanafunzi wetu wa sheria sasa wanafuatilia hilo wakisimamiwa na mwanasheria aliyesomea hapa hapa, na siwezi kusema zaidi ya hapo.

Nije kwenye jambo lililotugawa. Wanaofanya usafi hosteli zetu walikuwa wanacheleweshewa mishahara na mkandarasi, na sisi tuliwasalimia kila asubuhi "mama shikamoo" bila kujua. Siku tukiwa kwenye somo la Biblia, Yakobo 5:4, pale inaposemwa kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio kimefika masikioni mwa Bwana, dada mmoja akauliza, sasa hawa wa kwetu je? Kukawa kimya. Alafu kaka mmoja akasema hiyo ni siasa, sisi tumekuja kuhubiri injili. Na mimi nikamkatisha kwa ukali mbele za watu. Kaka, uko hapa leo, nakuomba msamaha mbele ya hao hao walioshuhudia. Swali lako lilistahili jibu, halikustahili kelele.

Jibu langu ni hili. Mwaka 1974 pale Lausanne, Uswisi, viongozi wa kiinjili kutoka nchi zaidi ya 150 walikutana, na waliopiga kelele sana kwamba uinjilisti na haki visitenganishwe ni pamoja na René Padilla na Samuel Escobar, watu wawili wa Amerika ya Kusini waliotumika miaka mingi kati ya wanafunzi kupitia IFES, ule ushirika wa kimataifa wa vikundi vya Kikristo vya vyuoni ulioanzishwa 1947. Walikuwa wakisimama mbele ya wanafunzi wanaouliza injili inasema nini kuhusu umaskini, na hawakuweza kuwajibu kwa wimbo. Agano la Lausanne, kifungu cha 5, likatamka wazi kwamba uinjilisti na kushiriki mambo ya jamii na siasa vyote ni wajibu wa Mkristo, na likatubu kwa kuvipinganisha. Likasema pia kwamba kupatana na mwanadamu sio kupatana na Mungu, kwa hiyo kaka hofu yako nayo imo mle ndani, haikudharauliwa.

Basi tukaandika barua kwa utawala. Tuliiandika usiku mmoja, nzuri, kali, ina majina ya akina mama na miezi wanayodai. Tukawapelekea waione. Mmoja wao akaisoma taratibu akasema, "Wanangu, mkiweka majina yetu tunafukuzwa sisi, nyinyi mnaenda likizo." Tuliichana. Tukaanza upya kwa kuwauliza wanataka nini, na walitaka kitu kidogo kuliko tulivyodhani, tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba, basi, na majina yakawa ya kwetu wanafunzi.

Kabla ya kikao na utawala tulifanya mazoezi. Hilo tulijifunza kwa James Lawson, mwanafunzi wa theolojia wa chuo cha Vanderbilt, Marekani, aliyekuwa anawafundisha vijana wa mji wa Nashville kupinga ubaguzi wa rangi bila kupigana, wanakaa kanisani wanaigiza kutukanwa na kusukumwa mpaka wajue kutorudishia, na mwaka 1960 chuo kikamfukuza. Sisi hakuna aliyetusukuma, ila mwenzetu aliyeigiza afisa alitubana hadi dada yetu msemaji akatetemeka, na siku yenyewe hakutetemeka. Tarehe imeandikwa na mishahara inalipwa kwa tarehe hiyo. Suala la likizo ya ugonjwa bado, tumeambiwa tusubiri, na tunaendelea kuuliza.

Mengine kwa haraka. Kuchangia damu tulifanya mara moja kila semista, na sababu ya kuachanisha ni kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wiki 12 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke kabla ya kutoa tena, kwa hiyo msikimbilie kila kampeni. Mkesha ulikuwa mzuri. Kwaya wanahitaji wapiga vyombo.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. La kwanza, daftari la makabidhiano, lenye majina, ratiba, ahadi tulizotoa na ambazo hatujatimiza, likae kwa mlezi wa huduma yetu na sio kwenye simu ya mtu. La pili, viongozi wapya wachaguliwe mapema watembee na sisi miezi miwili kabla hatujaachia, waende kituoni, waende gerezani, wajulikane sura wakati sisi bado tupo.

Mimi namaliza mwaka huu. Mtoto niliyepangwa naye tayari anamjua atakayebaki naye, juzi alimsomea ukurasa mzima mimi nikiwa nimekaa tu pembeni. Jumamosi hii kuna nafasi mbili hazina mtu kwa sababu wenzetu wawili wanaenda mafunzo ya vitendo, atakayeweza amuone katibu kabla hatujafunga kwa maombi, gari linaondoka saa mbili asubuhi.