Sukari ya vumbi la mbao: asidi inakwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya kutengeneza glukosi, aina ya sukari, kwa vumbi la mbao kama biashara ya vijana. Kiini chake ni kweli, na nafurahi kuona kemia ikipewa nafasi gazetini. Ila maelezo yaliishia pale kazi yenyewe inapoanza. Tuliambiwa tuchanganye vumbi na asidi ya salfuriki, tuchemshe, tupate sukari. Asidi hiyo inatolewaje baadaye? Hapakuwa na neno. Mimi ni mwalimu wa kemia, na ningependa wasomaji wenu wajiulize swali hilo kabla hawajanunua hata chupa moja.

Selulosi, kijenzi kikuu cha mti, ni mnyororo mrefu wa glukosi, na kila kiungo kinapokatwa humezwa molekuli moja ya maji. Asidi ni kichocheo tu: inaharakisha kukatika huko, yenyewe haipungui. Uliyoiweka mwanzoni utaikuta yote mwishoni, imechanganyika na sukari yako. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot alikwishaonyesha kwamba vitambaa vya kitani hugeuka sukari kwa asidi hii. Waliomfuata walihangaika zaidi na namna ya kuitenganisha sukari na asidi kwa gharama inayobebeka.

Tupige hesabu. Kilo 100 za vumbi kavu huwa na selulosi kilo 40 hivi au zaidi kidogo. Zote zikikatika bila hasara, utapata glukosi kilo 45 hivi. Sasa tuseme umetumia asidi halisi kilo 100, kisha ukaiua nguvu kwa chokaa. Utahitaji kilo 75 hivi za chokaa iliyozimwa, na utabaki na kilo 175 za jasi, yaani chumvi inayotokana na chokaa na asidi hiyo. Jasi hiyo ni karibu mara nne ya sukari uliyoitafuta, imelowa, na sehemu ya sukari imenasa ndani yake. Ndiyo biashara mliyowaelezea vijana.

Darasani jaribio hili nalifanya mwenyewe, kwa gramu chache, wanafunzi wakiwa wamekaa mbali na wamevaa miwani. Asidi ni ya asilimia 72, joto ni nyuzi 30 tu. Vumbi linalegea, linakuwa uji mweusi unaong'ang'ania kijiti cha kioo kama gundi. Wengi hudhani hapo sukari imeshapatikana. Bado, hivyo ni vipande vya mnyororo. Uji humiminwa polepole kwenye maji mengi (kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi kali), ndipo unachemshwa tena. Lignini, gundi ya asili ya mti ambayo asidi haiiwezi, hubaki chini kama tope la kahawia. Nikitia unga wa mawe ya chokaa (si chokaa iliyozimwa), povu hupanda hadi ukingoni, halafu jasi nyeupe hutulia.

Hapo tu ndipo kipimo cha Benedict, cha kutambua sukari, hufanya kazi, kwa sababu kinataka mazingira ya alkali. Na rangi nyekundu ya matofali inapotokea, haithibitishi kwamba ni glukosi. Zailosi, sukari nyingine inayotoka kwenye hemiselulosi (mnyororo mwingine uliomo ndani ya mti), hutoa rangi ileile, na hamira ya kawaida haiwezi kuichachusha. Picha ya kopo jekundu mliyochapisha haikuthibitisha kwamba ni glukosi, kama mlivyoandika chini yake.

Ipo njia ya asidi hafifu, chini ya asilimia moja, lakini hiyo hudai nyuzi 170 hadi 200 na chombo cha kuhimili shinikizo kubwa. Joto linalozaa glukosi ndilo linaloiunguza pia, ikageuka asidi nyingine zisizo sukari. Mjerumani Scholler alipitisha asidi moto kwenye vumbi mfululizo ili sukari itoke kabla haijaharibika. Mwenzake Friedrich Bergius alitumia asidi ya haidrokloriki kali na kuivukiza ili aitumie tena. Viwanda hivyo vilijengwa katika nchi zilizobanwa na uhaba wa chakula na pombe ya viwandani. Si kazi ya sufuria ya nyumbani.

Kinachonikosesha usingizi ni sentensi yenu iliyosema maji hayo matamu "yanaweza kutumika jikoni". Ndani yake mna furfurali (kemikali yenye sumu itokanayo na sukari iliyoharibika), asidi ya siki, na chochote kilichokuwamo kwenye asidi au kwenye dawa iliyopakwa mbao. Mwaka 1900, huko Manchester na miji ya jirani nchini Uingereza, maelfu ya watu waliugua na makumi walikufa kwa kunywa bia iliyotengenezwa kwa sukari ya kiwandani. Sukari ile haikutokana na mbao, lakini ilitayarishwa kwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu kali.

Naomba toleo lijalo liseme wazi kwamba maji hayo hayanywewi wala hayaonjwi, na kwamba asidi ya kiwango hicho haichezewi nyumbani. Na mkimrudia mtaalamu mliyemhoji, mwombeni hesabu kamili: asidi iliyoingia, chokaa iliyotumika, jasi iliyotoka na mahali inapotupwa. Mkizichapisha namba hizo kando ya namba ya sukari, msomaji ataamua mwenyewe.

Wenu,
Mwalimu wa kemia